Uchunguzi wa Elimu na Kazi ya Karani

Watu wengi hudhani ya kuwa uchunguzi wa mambo ya elimu ni shughuli ya mabwana wa chuo kikuu na wakubwa wa Wizara, na ya kuwa karani hahusiki nao ila kwa kupiga chapa ripoti ikiisha kuandikwa. Sisi twaona sivyo. Uchunguzi wowote wa shule huanza katika daftari la mahudhurio na huishia katika faili, na vitu hivyo viwili vimo mikononi mwa wanachama wetu. Daftari likiwa na uwongo, mchunguzi aliye hodari kuliko wote atafikia uwongo; na faili ikilazwa, hata ukweli ulio wazi kama mchana hautamfaa mtoto mmoja. Kwa sababu hiyo twaomba nafasi ya kuinena habari hii kwa urefu kidogo.

Zamani sera ya elimu katika nchi zetu iliongozwa na macho ya wageni wapitao. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki, Dk. Thomas Jesse Jones akiwa mkuu wake, na Dk. Aggrey wa Gold Coast akiwa mmoja wa wajumbe. Walikwenda shule hata shule, wakawasikiliza wamisionari na maafisa, na mwaka uliofuata Serikali ya Uingereza ikatoa waraka wake juu ya elimu katika Afrika. Hatusemi ya kuwa walikuwa watu wabaya. Lakini mtu apitaye huona kile alichoonyeshwa, wala hana njia ya kupima kama shule aliyoisifu ni bora kwa sababu ya mwalimu wake, au kwa sababu mavuno ya mwaka ule yalikuwa mema na watoto walikuja wameshiba.

Siku hizi iko njia nyingine, nayo si ngumu kueleweka. Mtu akitaka kujua kama jambo fulani lafaa, hachagui shule azipendazo. Huandika majina ya shule zote, akapiga kura. Zile zilizoangukiwa na kura hupewa jambo hilo, na zilizobaki hungoja. Kisha watoto wa pande zote mbili hupewa mtihani mmoja. Kwa njia hii kubahatika kwa mvua na utajiri wa wazazi hugawanyika sawasawa pande zote, na tofauti inayobaki ni ya jambo lenyewe. Mwaka 2019 Banerjee, Duflo na Kremer walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi za namna hii, na sehemu kubwa ya kazi hizo ilifanyika karibu nasi, katika Kenya ya magharibi.

Huko Busia, mwaka 1996, shule 25 kati ya 100 zilipewa vitabu vya kiada. Nani angeweza kupinga vitabu? Walakini mitihani iliposahihishwa, watoto kwa jumla hawakuwa wamepanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tangu hapo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, nacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Kitabu kilifika mezani, lakini hakikufika kichwani. Na bila ya uchunguzi ule, kila mtu angaliandika katika ripoti ya mwaka ya kuwa vitabu vimegawiwa na kazi imekwisha.

Lakini habari tunayotaka hasa kuieleza ni ile ya walimu wa mkataba, kwa maana hiyo yatugusa sisi wenyewe.

Mwaka 2005, katika Kenya ya magharibi, shirika moja lisilo la Serikali lilizipa shule fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Mwalimu huyo aliajiriwa na kamati ya shule kwa mkataba wa mwaka mmoja, na mshahara wake ulikuwa kama robo tu ya ule wa mwalimu wa Serikali. Matokeo hayakuwa matamu kwa watumishi wa Serikali kuyasikia: walimu wa mkataba walionekana darasani mara nyingi zaidi, na watoto waliofundishwa nao walijifunza zaidi. Serikali ya Kenya ikaona njia imepatikana, ikaazimu kuajiri walimu wa mkataba 18,000 nchi nzima.

Hapo wachunguzi wakafanya jambo la busara. Mwaka 2010 walichukua shule 192 kutoka mikoa yote minane ya Kenya ya wakati ule, wakapiga kura mara ya pili. Katika baadhi ya shule hizo walimu wa mkataba walisimamiwa na shirika la World Vision, na katika baadhi walisimamiwa na Wizara ya Elimu yenyewe. Kazi ilikuwa ileile. Shule zilizo chini ya shirika watoto wao walipanda kwa wazi. Shule zilizo chini ya Wizara watoto wao hawakupanda hata kidogo.

Mtu asikimbilie kusema ya kuwa walimu wa upande mmoja walikuwa wavivu. Tofauti ilikuwa katika mikono iliyowashika. Walimu waliokuwa chini ya Serikali walicheleweshewa mishahara kuliko wenzao, na usimamizi wao ulikuwa mlegevu. Tena palikuwa na jambo la pili. Chama cha walimu kilisimama kuwadai hao 18,000 ajira ya kudumu, na baada ya mgomo wa mwaka 2011 Serikali ikakubali. Kudai haki si kosa, wala chama kama chetu hakiwezi kunena vingine. Lakini shabaha ya mpango ule ilikuwa mwalimu ajue ya kuwa mkataba wake hufanywa upya kwa kazi yake, na hilo likaondoka.

Sisi tunaoketi katika ofisi tulitazame hili la mishahara kwa makini. Mshahara hauletwi shuleni na profesa. Huletwa na hati iliyojazwa, ikatiwa saini, ikasukumwa kutoka meza hata meza. Hati ikilala wiki sita chini ya kitabu cha mtu, mwalimu aliye mbali na mji hutafuta kibarua cha kumlisha, na darasa hubaki na watoto wasio na mtu. Mchunguzi akija huandika ya kuwa mpango haukufaa. Lakini mpango ule haukupata hata kujaribiwa sawasawa, kwa kuwa uliishia njiani.

Zipo habari njema pia. Katika Kenya hiyohiyo, tangu mwaka 2011 hata 2014, palifanywa majaribio ya kuwafundisha watoto wa madarasa ya chini kusoma, na safari hii kazi ilitiwa tangu mwanzo katika mikono ya watumishi wa Serikali, yaani washauri wa walimu waliokuwapo tayari. Walijaribu hata mambo madogo: mshauri mmoja apewe shule ngapi ili aweze kuzitembelea; na katika Kisumu, chombo cha kielektroniki apewe nani, mshauri, mwalimu au mtoto. Kuwapa watoto vyombo hakukuonekana kuzidi kumpa mshauri mmoja, na gharama yake ilikuwa kubwa zaidi mno. Basi mwaka 2015, mpango ulipoenezwa nchi nzima kwa msaada wa Marekani kwa jina la Tusome, ni washauri waliopewa vishikwambi. Na masurufu ya safari yao yalilipwa kwa kadiri ya madarasa waliyokwenda kuyaona kweli, chombo chenyewe kikishuhudia walikofika. Karani yeyote aliyepata kushughulika na madai ya safari atajua uzito wa jambo hilo dogo. Watoto walipopimwa baadaye, kusoma kwao kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kulikuwa kumepanda, na hayo yalikuwa katika shule za Serikali, zaidi ya 20,000, si katika shule chache za mfano.

Sasa turudi kwenye daftari. Mwaka 2003 Kenya ilifuta ada za shule za msingi, na shule zikaanza kupewa ruzuku ya Serikali kwa hesabu ya vichwa vya watoto. Takwimu zilizotoka mashuleni zikaonyesha ongezeko kubwa la wanafunzi. Wachunguzi Sandefur na Glassman walipozilinganisha na hesabu zilizochukuliwa nyumba kwa nyumba, ambako hapana apataye senti kwa kutaja mtoto, waliona ongezeko kubwa la namna ile halipo. Wala jambo hilo halikuonekana Kenya peke yake. Zamani shule ilipotoza ada na kupeleka sehemu juu, palikuwa na faida kupunguza hesabu. Ruzuku ilipoingia, faida ikageuka. Huku Tanzania, mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuwasaka watumishi hewa, haukupita muda ikawasaka na wanafunzi hewa.

Twajua taabu ya mwalimu mkuu ambaye ruzuku yake haitoshi chaki wala choo, na ambaye huona ya kuwa vichwa ishirini vya kuandika tu vingemletea madawati. Hatumhukumu kwa haraka. Lakini vichwa hivyo huenda mbali kuliko madawati. Huingia katika jumla ya wilaya, kisha ya mkoa, kisha Wizara hutangaza ya kuwa watoto karibu wote wamo shuleni, na fedha za kuwatafuta waliobaki nje huhamishiwa kwingine. Mtoto achungaye ng'ombe mchana kutwa huwa amekwisha kuandikwa shule, kwa jina la mtu asiyezaliwa.

Mwisho iko habari ya kabati. Tume ya Rais ya Elimu katika Tanzania, mwenyekiti wake Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 ya kuwa Kiswahili kishike nafasi ya Kiingereza kufundishia katika sekondari. Halikukubaliwa. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, waliletwa wawapime wanafunzi, nao wakaona ya kuwa wengi mno hawana Kiingereza cha kuwatosha kusomea somo lolote. Mtu angetazamia shauri lao lifuate hesabu yao. Lakini walishauri ya kuwa Kiingereza kiendelee na kitiliwe nguvu, na fedha za Uingereza zikafuata kwa kazi hiyo. Yapata miaka arobaini imepita, na shule zetu za sekondari zingali zikifundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi angali akikariri asichokielewa. Yawezekana mtu mwenye akili akawa na sababu za kupenda Kiingereza, na watu wazima waweza kubishana juu yake. Lisilofaa ni kuagiza kipimo, kukisoma, kisha kukata shauri kana kwamba hakikupimwa.

Basi, yatupasa nini katika chama hiki? Halmashauri imekubaliana kuleta mashauri haya mbele ya wanachama. Kwanza, mpango wowote wa shule usienezwe nchi nzima mpaka umejaribiwa kwa njia zilezile za Serikali zitakazoutumia, pamoja na hati za mishahara na masurufu, na tarehe iandikwe kila hati inapoingia na kutoka katika kila meza, ili ikionekana imechelewa ijulikane ni wapi. Hatuogopi tarehe hizo. Mtu afanyaye kazi yake zitamtetea. Tena, karani au mwalimu mkuu apelekaye hesabu ya kweli iliyo ndogo kuliko ya mwaka uliopita asiulizwe kwa barua ya ukali kama ilivyo desturi katika ofisi nyingi, na ruzuku ya shule yake isikatwe ghafula katikati ya mwaka, kwa maana adhabu ya namna hiyo ndiyo inayofundisha watu kuandika uwongo. Na shule iliyopimwa irudishiwe matokeo yake, kwa Kiswahili, katika karatasi moja iwezayo kubandikwa ukutani na kusomwa na wazazi. Mara nyingi wachunguzi huja, huwakalisha watoto asubuhi nzima, huenda zao, na shule haisikii neno tena.

Juu ya shauri la mwisho, baadhi ya wajumbe wa halmashauri waliogopa ya kuwa wazazi wakisoma matokeo mabaya watamlaumu mwalimu aliyepo, ambaye pengine alifika mwezi uliopita. Hofu hiyo ina maana, na haijapatiwa jibu. Wanachama wenye maoni juu ya jambo hili au mashauri mengine wayapeleke kwa maandishi kwa makatibu wa matawi yao kabla ya mkutano mkuu, wakitaja kama wamepata kushika daftari za shule au hati za mishahara ya walimu, ili maneno ya waliofanya kazi hizo yasomwe kwanza.