Bandama Isikatwe kwa Sababu ya Umaskini

Upo ugonjwa wa damu ambao hausikiki katika hotuba za majukwaani, kwa kuwa wenye kuuugua ni wachache. Katika ugonjwa huo kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huwageukia wenyeji wake na kuziangamiza chembe sahani, yaani zile chembe ndogo zinazoziba jeraha na kuizuia damu isitoke. Mtu mwenye afya huwa na chembe hizo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Mgonjwa wa maradhi haya huwa chini ya 100,000, na wako wanaoshuka hadi 10,000 au pungufu. Hapo fizi hutoka damu kwa kupiga mswaki tu, pua hububujika bila kugongwa, miguu hutapakaa vidoa vyekundu, na hedhi ya mwanamke haikatiki.

Huku kwetu Kanda ya Ziwa mtu anayetoka damu ovyo huonewa shaka mbili. Ya kwanza ni kwamba amerogwa. Ya pili ilipata nguvu baada ya Marburg kuingia mkoani Kagera mwaka 2023, kisha tena mwaka 2025, nayo ni kwamba ataambukiza nyumba nzima. Ugonjwa tunaouzungumzia hapa hauambukizi, na hauletwi na mtu.

Lakini shabaha yetu leo si kueleza ugonjwa tu. Tunataka kuuzungumzia uamuzi unaomkabili mgonjwa ambaye dawa ya kwanza imemshinda. Watoto wengi hupona wenyewe katika muda wa miezi michache. Mtu mzima huanzishiwa prednisoloni, kidonge cha bei nafuu, na kwa wengi chembe hupanda. Shida huanza pale dozi inapopunguzwa nazo zikashuka tena, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hapo njia hugawanyika: kuendelea na prednisoloni, kukata bandama (au wengu, kama wengine wanavyoiita), au kutumia dawa mpya. Msimamo wetu ni kwamba uamuzi huo ufanywe kwa kuutazama mwili wa mgonjwa na mazingira ya ziwa anakoishi, wala usifanywe kwa kuutazama mfuko wake.

Kabla ya hapo, hata hivyo, lazima pawe na hakika kwamba ugonjwa ni huo. Malaria hushusha chembe sahani. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini hufanya hivyo pia, na anayeugua kwa sababu ya UKIMWI mara nyingi hupata nafuu kwa dawa za kufubaza virusi. Kisha kuna kichocho cha matumbo, ambacho wavuvi na wachota maji wa Ukerewe, Sengerema na Magu wanakijua tangu utoto. Kikikaa miaka mingi huliharibu ini na kuitunisha bandama, na bandama iliyotuna huzimeza chembe. Huyo ni mgonjwa mwingine kabisa. Katika ugonjwa wetu huu bandama kwa kawaida haitunuki, kwa hiyo mganga akiipapasa ubavuni na kuikuta, asiandike prednisoloni upesi, bali atafute sababu nyingine. Aidha, mashine ya kuhesabia damu yaweza kudanganywa na chembe zilizogandamana ndani ya chupa. Ndiyo maana tone la damu lipakwe kiooni na kutazamwa kwa hadubini. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, ila mtaalamu wa maabara asiye na haraka.

Jambo la pili ni kutoiabudu hesabu. Mtu mwenye chembe 30,000 au zaidi asiyetoka damu mara nyingi huhitaji kuangaliwa tu, akiepushwa na aspirini na diklofenaki, ile inayochomwa kiholela katika maduka ya dawa kwa kila maumivu ya mgongo. Tunaamini wapo wanaomeza sumu ya dawa ili kuiridhisha namba iliyoandikwa kwenye karatasi.

Maana prednisoloni ikitumiwa kwa miezi na miaka ni deni lenye riba. Huleta kisukari, hupandisha shinikizo la damu, huilegeza mifupa, huvimbisha uso. Katika nchi yenye kifua kikuu, huweza kuuamsha ugonjwa uliolala kifuani, na minyoo fulani iliyotulia tumboni huweza kusambaa mwili mzima. Wataalamu wa damu wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2019, walishauri dozi ya kwanza isizidi majuma 6. Sisi twajua kwamba kidonge hiki huendelea kununuliwa bila cheti, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu humpa mgonjwa hamu ya kula na nguvu za muda.

Tuje kwenye kisu. Mwaka 1916 mwanafunzi wa udaktari mjini Prague, Paul Kaznelson, alipendekeza mgonjwa mmoja atolewe bandama, kwa kuwa huko ndiko chembe zinakoangamizwa. Mgonjwa akapata nafuu. Zaidi ya miaka 100 baadaye operesheni hiyo bado inaheshimika: wagonjwa wapatao wawili katika kila watatu hupata nafuu ya kudumu, na ni tiba chache zinazoifikia. Tena hulipiwa mara moja. Kwa mkulima wa pamba anayepata fedha mara moja kwa mwaka, hilo ni jambo kubwa, na hatumlaumu anayelichagua.

Ila bandama si kiungo cha bure. Ndiyo inayochuja damu na kuzinasa chembe zilizoingiliwa na vimelea vya malaria, na ndiyo inayowahi bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo. Asiye nayo anaweza kufa kwa homa iliyoanza asubuhi. Kwa hiyo wataalamu hushauri kungoja angalau mwaka mmoja, kwani wengine hupona wenyewe, na kuchanja angalau majuma mawili kabla ya operesheni. Chanjo ya nimonia iliingia katika ratiba ya watoto wetu mwaka 2013, basi mtu mzima wa leo hakuipata utotoni. Je, anayekatwa bandama huulizwa kama amechanjwa? Huulizwa kama ana chandarua? Wa Sengerema siku hizi huvuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, lakini wa Ukara akipandwa na homa usiku wa manane hana budi kungoja chombo. Tofauti hiyo ya makazi ni sehemu ya tiba kama ilivyo dozi ya dawa.

Kati ya kisu na dawa za gharama zimo dawa za zamani. Azathioprini ni nafuu, ila huhitaji miezi kabla ya kuonyesha matokeo, na damu ipimwe mara kwa mara. Dapsoni, ambayo wazee wetu waliijua kwa ukoma, huwasaidia baadhi. Lakini mtu mwenye upungufu wa kurithi wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kawaida katika sehemu zenye malaria, huweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu. Zisidharauliwe, na zisitolewe kwa kubahatisha.

Dawa mpya zina sifa na masharti yake. Rituksimabu hutiwa mshipani, huwasaidia zaidi ya nusu ya wagonjwa mwanzoni, lakini baada ya miaka mitano wanaobaki na nafuu ni wachache. Na asiyepimwa homa ya ini aina ya B anaweza kuamshiwa ugonjwa huo. Eltrombopagi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2008, huusukuma uboho wa mifupa utengeneze chembe zaidi. Hunywewa kila siku, huenda kwa miaka, na ini lipimwe. Tena vyakula vyenye chokaa nyingi huizuia isifyonzwe. Hunywewa saa mbili kabla yake au saa nne baada yake. Chokaa hiyo imo katika maziwa, na imo katika dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Karatasi ya maelezo iliyoandikwa Ulaya hutaja jibini. Nani atamwambia mama wa Mwaloni Kirumba habari ya dagaa, kama si mganga wake?

Wapo watakaosema kwamba mkoa wenye zahanati zinazoishiwa dawa za kawaida hauna haki ya kuzungumzia vidonge vya gharama. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini wenye kuisema wasisahau kwamba kumlaza mgonjwa anayevuja damu, kumwongezea damu ya wachangiaji mara kwa mara na kumtibu kisukari alicholetewa na prednisoloni, vyote hivyo ni gharama pia, ila hazijumlishwi mahali pamoja. Hazina huziona bei za vidonge, haizioni hizo.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tunataka mgonjwa aliyethibitishwa na bingwa kuwa ugonjwa wake ni mkaidi alipiwe dawa hizi bila kujali kama ni karani au mvuvi, na muda wa matumizi uwe na kikomo cha kutazama kama zinafaa. Kwa upande wa Bugando, ambayo tangu mwaka 1971 imekuwa kimbilio la mikoa yetu, na hospitali zote zinazofanya operesheni hiyo, tunaomba jambo dogo zaidi: asitolewe mtu bandama kabla ya chanjo, na asiruhusiwe kurudi kwao bila kadi mkononi inayoeleza kwamba hana bandama na kwamba homa yoyote kwake ni dharura. Kadi hiyo iandikwe kwa Kiswahili, ili mganga wa zahanati ya kisiwani aisome upesi, na nahodha wa mtumbwi naye pia.