Msiulaumu Utambi

Wako watu ambao kitu kikiwaharibikia mikononi hukitukana kwanza, kisha hukibadilisha, na kukichunguza hawakichunguzi kabisa. Hao si wachache, wala si wale tu waliokosa bahati ya kukaa darasani. Nimefundisha miaka mingi, nimeongoza shule, nimewafunda walimu watarajiwa katika chuo cha ualimu, na sasa nimestaafu hapa Karatu nikila pensheni yangu pamoja na mahindi ya shamba langu. Nasema kwa ushahidi wa macho yangu kwamba ugonjwa huu umewaingia wasomi kuliko wasiosoma. Mfugaji wa Endulen akiona ng'ombe wake amegoma kula hakimbilii kisu. Humtazama macho, humgusa masikio, huuliza jana alinyweshwa wapi na alilishwa upande gani. Lakini mwenye shahada ambaye jiko lake halichemshi husema "limekufa", akatoa pochi.

Ninachagua vitu viwili vidogo ili tuelewane: utambi na koili. (Utambi wa jiko, ndugu msomaji, si tambi za kula.) Vitu hivi havina siri. Kimoja hupandisha mafuta mpaka kwenye moto, kingine hugeuza umeme kuwa moto. Vyote viwili hutengenezwa upya nyumbani au kwa fundi wa kando ya barabara, na vyote viwili husingiziwa kila siku makosa ambayo si yao.

Tuanze na jiko la mafuta ya taa. Mama amenunua tambi mpya, amezipachika, amewasha, na jikoni kumejaa moshi. Sufuria imekuwa nyeusi kama chungu cha mganga. Anasema, "Tambi za siku hizi ni bandia." Huenda ni kweli, zipo zilizochanganywa na nailoni, nazo huyeyuka badala ya kunyonya. Lakini kabla ya kumhukumu muuza duka, na tuulize maswali kwa mpangilio. Je, mafuta yanafika juu? Je, hewa inafika? Je, moto umekaa mahali pake?

Utambi ulio mzima hauungui. Kinachoungua ni mvuke wa mafuta yaliyopanda ndani yake, na maadamu mafuta yanafika, pamba hubaki salama. Kwa hiyo aliyepachika tambi kavu na kuwasha papo hapo ameunguza pamba yenyewe, na ncha iliyogeuka mkaa hainyonyi tena vizuri. Angengoja robo saa tu mafuta yapande. Aliyeshindilia utambi mnene katika mrija mwembamba ameyakaba mafuta njiani, na moto wake utakuwa dhaifu hata tangi likijaa. Aliyeweka utambi mwembamba katika mrija mpana ameacha nafasi ambayo moto unaweza kushuka kuelekea kwenye tangi, na hapo hatuzungumzii tena moshi, tunazungumzia nyumba kuungua. Tambi zikitofautiana urefu, ile ndefu hutoa moshi kwa niaba ya zote. Moto ukitatarika, mafuta yameingia maji. Na kama hayo yote ni sawa, toa lile bati lenye matundu ulitazame: masizi yameziba matundu, hewa haipiti, moto umekuwa wa njano badala ya bluu. Utambi hauna kosa lolote.

Liko kosa moja ambalo halisubiri uchunguzi. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa, kwa sababu walanguzi walikuwa wakiyachanganya na dizeli na kuharibu magari ya watu. Nia ilikuwa njema. Lakini maskini ndiye aliyeachwa akinunua kwa chupa na kibaba, na mafuta ya chupa hujui yamepita katika dumu gani. Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata katika baridi ya asubuhi ya Oldeani. Petroli kidogo iliyobaki ndani ya dumu yatosha kuligeuza jiko kuwa bomu. Ukisikia harufu ya petroli, usijaribu kwa kiberiti ati uhakikishe. Mimina nje, mbali na nyumba. Mtoto wa darasa la tano anaweza kufundishwa hilo kwa kipindi kimoja, na bado ninawajua watu wazima wenye vyeti ukutani ambao hawakufundishwa.

Sasa koili. Umeme umefika katika vijiji vingi vya Karatu ambako wakati wa ujana wangu tulisomea kibatari, na pamoja nao limefika jiko la koili: kigae chenye mifereji na waya uliojikunja ndani yake. Waya huo ni mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ambao Mmarekani Albert Marsh aliupatia hataza mwaka 1906, na sifa yake ni kuwaka mwekundu kwa muda mrefu bila kuliwa haraka na hewa. Unapokatika, fundi huivuta miisho miwili, huining'iniza kama ndoano mbili, na kusema, "Tayari, mzee." Baada ya siku tatu umekatika palepale. Fundi anasema waya ni wa Kichina.

Waya hauna hatia. Ndoano mbili hugusana kwa nukta ndogo. Umeme ukipita hapo penye mgusano hafifu pana joto kuliko mahali pengine popote, na palipozidi joto ndipo panapokatika. Mwingine mwerevu huweka risasi ya kulehemu, ambayo huyeyuka kabla waya haujapata hata wekundu. Maungio yanatakiwa yasokotwe kwa kukazwa, mizunguko kadhaa, na ikiwezekana yawe karibu na skrubu za kuingizia umeme, ambako hakuna joto kali.

Liko jambo baya zaidi ambalo halionekani kwa macho. Koili ya wati 1,000 kwa umeme wetu wa volti 230 ina ukinzani wa omu 53 hivi inapokuwa moto. Fundi akikata sehemu ya kumi iliyoungua na kuunga iliyobaki, ukinzani umepungua hadi omu 48, na jiko sasa linakula zaidi ya wati 1,100. Likikatika mara ya pili na ya tatu, naye akikata vilevile, litakuwa linakula karibu wati 1,400 katika waya uliopungua zaidi ya robo. Kila sentimita ya waya imebebeshwa karibu mara mbili ya mzigo wake. Mama anafurahi: "Tangu litengenezwe linachemsha haraka!" Ndiyo, linachemsha haraka, kama mgonjwa wa homa alivyo na joto. Soketi inaanza kuwa ya moto, plagi inageuka kahawia, na usiku mmoja wanasema ni hitilafu ya umeme.

Kinyume chake pia hutokea. Jioni kijiji kizima kinapika, volti zinashuka hadi 200, na koili ileile ya wati 1,000 inabaki na wati 756 tu. Mwenye jiko anakwenda kununua koili mpya. Anaifunga, nayo ni dhaifu vilevile, kwa sababu ugonjwa uko kwenye nyaya za nje. Kumbe angelijaribu jiko saa nne asubuhi, majirani wakiwa shambani, angepata jawabu bila kutoa shilingi.

Na huku juu kwetu tuna kisa cha peke yake. Mwalimu mmoja alihamishwa kutoka pwani akaletwa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Maharage yake hayakuiva. Alibadilisha koili, akabadilisha jiko, akasema umeme wa huku ni mbovu. Alikuwa mwalimu wa sayansi! Pale ukingoni ni kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, wala hayatapanda zaidi hata ukiweka koili tano. Alichohitaji ni sufuria la presha. Aliwahi kuwaandikia wanafunzi ubaoni kwamba kiwango cha mchemko hupungua kadiri kanieneo ya hewa inavyopungua, na bado akasumbuka na maharage mwezi mzima.

Vijana wanaoendesha watalii wameniletea hata zile sigara za umeme wanazoziita vepu, zinazoachwa na wageni. Mmoja alinijia na shikamoo mbili, akasema, "Babu, nimeisuka koili upya na kuweka pamba, lakini inanuka kuungua." Sivuti, na nilimwambia wazi kwamba nikotini humfunga mtu kamba kama tumbaku yoyote. Lakini nilikitazama kidude chake, na nilicheka peke yangu: ndani mna utambi wa pamba na koili ya waya. Jiko la mafuta na jiko la umeme vimeoana! Na makosa yalikuwa yaleyale. Pamba ilishindiliwa mno, kimiminika hakikufika, pamba ikaungua. Ingekuwa haba mno, kimiminika kingefurika na kutatarika. Nilimwuliza, "Umepima ukinzani wa hiyo koili?" Hakuwa amepima. Betri ya volti 3.7 ikifungiwa koili ya omu 1 hutoa ampea 3.7, ikifungiwa koili ya omu 0.1 hutakiwa kutoa ampea 37, na betri ya lithiamu isiyotengenezwa kwa mzigo huo inaweza kulipuka mfukoni. Kijana huyu alikuwa na alama nzuri ya fizikia katika cheti chake cha kidato cha nne. Kanuni ya Ohm aliijua kwa moyo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kanuni ile ilihusu kitu alichokuwa nacho mkononi.

Najua nitajibiwa. Wengine watasema mambo ya tambi yamepitwa na wakati, kwani mwaka 2024 tumepata mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa mikono miwili. Macho ya mama zetu yameteseka na moshi vya kutosha. Lakini gesi nayo ina mpira wa kuvuja, na jiko la presha la umeme lina koili tumboni. Wengine watasema hiyo ni kazi ya fundi. Sawa, na ni nani atakayejua kwamba fundi amekuongopea?

Lawama yangu naipeleka kwetu sisi walimu. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967 ikitaka mkono na akili visitengane. Katika shule nyingi tuliigeuza kuwa jembe la kuadhibia watoro. Ikaja miaka ambayo mtihani wa sayansi wa kidato cha nne ulikuwa na karatasi mbadala wa vitendo, yaani mtoto anaeleza kwa kalamu jaribio ambalo hajaligusa. Wahitimu wa karatasi hiyo ndio walimu wa leo. Sasa sera mpya imeleta mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla. Ni vizuri, ila nina hofu kwamba wa mkondo wa jumla watajiona wamesamehewa kushika bisibisi, na miongoni mwao ndimo watakamotoka mawaziri, mahakimu na walimu wa sayansi.

Ninapendekeza jambo moja ambalo halihitaji mfadhili. Kila chuo cha ualimu kikusanye majiko kumi mabovu kutoka mnadani, ya mafuta na ya umeme, pamoja na mita moja ya kupimia. Mwalimu mtarajiwa apewe jiko asilolijua kosa lake, daftari na saa moja. Asiruhusiwe kubadilisha kitu chochote kabla ya kuandika ameona nini, anadhani kosa ni nini, na atathibitishaje. Atakayebadilisha utambi kabla ya kutazama masizi arudi mwaka ujao.

Majiko matatu ya kuanzia yapo barazani kwangu. Chuo kitakachoyataka kilete gari.