Testa Pekee Haitoshi

Wengi wetu nyumbani tuna testa ya bisibisi. Isipowaka, twaamini umeme umekatika. Hapo ndipo penye hatari: kijitaa chake kikiharibika, waya huweza kuwa ungali na volti 240. Twaona heri kununua mita, hata ya bei nafuu, mradi iwe na alama ya CAT III 600V, japo alama hiyo huchapwa hata kwenye mita za ovyo. Basi tazameni pia fyuzi na nyaya zake. Ijaribuni kwanza kwenye soketi yenye umeme, kisha penye kazi, kisha mrudi soketini. Ama kupima kama ngozi za waya ukutani zavujisha umeme, hilo lataka kifaa cha volti 500. Fundi mwenye leseni ya EPRA na aje nacho.