Seva Mbili, Waya Mmoja

Watu wa Unguja hawahitaji kusomeshwa maana ya kutegemea njia moja. Mei 2008 umeme unaovuka bahari kutoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, hadi Fumba ulikatika, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na mara hiyo haukurudi mpaka Machi. Mjini jenereta zilinguruma usiku na mchana, na mabomba yakakauka kwa sababu pampu za maji nazo zilikuwa zikisubiri umeme uleule. Njia ya pili ilipolazwa baharini na kuzinduliwa mwaka 2013, sikusikia mtu akiuliza ya nini.

Nalikumbuka giza lile kila ninapokutana na sharti linalopendwa katika miradi ya ramani: seva ya picha iwekwe kwenye wingu, iwe na pacha wake, mmoja akianguka mwingine ashike kazi bila mtumiaji kuhisi chochote. Ni sharti zuri. Lina gharama pia, na gharama hiyo hulipwa kila mwezi, tena kwa dola. Kabla ya kuilipa kwa fedha ya umma, ningependa tuulizane kitu kimoja: picha hiyo inapatikana kwa nani, na siku gani?

Zanzibar ni mahali pazuri pa kulipimia swali hili, maana picha zenyewe inazo. Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliipiga picha Unguja na Pemba kutoka angani kwa droni ndogo za eBee. Vijana wa chuo walifundishwa kuzirusha. Zilipigwa kilomita za mraba zaidi ya 2,300, kwa ukali wa kiasi cha sentimita 7 kwa kila pikseli. Kwa ukali huo unahesabu mnazi mmoja mmoja. Unatenganisha bati jipya na bati lenye kutu, na mtu aliyechimba msingi kwenye hifadhi ya barabara hana pa kuuficha.

Tupige hesabu ya mzigo wenyewe. Kilomita moja ya mraba kwa sentimita 7 ni pikseli milioni 204. Zidisha kwa 2,300, upate karibu bilioni 470. Kila pikseli ikichukua baiti 3 za rangi, unafika terabaiti 1.4 hivi kabla ya kuzibana. Diski ya kutia mfukoni inabeba yote hayo na nafasi ikabaki. Kwa hiyo kuhifadhi si tatizo. Tatizo ni kuwaonesha watu mia kwa wakati mmoja, kila mmoja akivuta pembe yake ya kisiwa kwenye simu, kwa bando lake.

Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya muuza chipsi: agizo likija ndipo anakaanga. Seva inapokea ombi, inafungua picha mama, inakata kipande kinachotakiwa, inanyoosha rangi, inatuma. Kila anayefungua ramani anaitoa jasho. Ya pili ni ya muuza maandazi, aliyeamka usiku akachoma, na asubuhi kazi yake ni kukabidhi tu. Picha inakatwa mapema kuwa vigae vya pikseli 256 kwa 256, kwa kila kimo cha kukuza na kupunguza, kisha vigae vinapangwa kama mafaili ya kawaida. Kwa visiwa vyote viwili, kimo cha karibu kabisa kina vigae kama milioni 7, na ukijumlisha vimo vyote unakaribia milioni 9 na nusu. Idadi inatisha, lakini ni mafaili tu. Hakuna mpishi, kwa hiyo hakuna mpishi wa kuugua.

Kwa picha inayopigwa mara moja kwa miaka kadhaa, mimi ni mtu wa maandazi. Chipsi zina haki yake. Mtafiti anayetaka kulinganisha mikoko ya Ghuba ya Chwaka mwezi huu na mwezi uliopita kwa picha za setilaiti za Sentinel-2, zinazorudi mahali palepale kila baada ya siku 5 hivi, anahitaji seva yenye kupiga hesabu papo hapo. Ila mtafiti huyo seva ikilala saa mbili anakwenda kunywa chai. Asiyeweza kusubiri ni yule aliyesimama Mwanakwerekwe wakati wa masika, maji yamefunga barabara, akitaka kujua nyumba zipi ziko bondeni. Huyo anataka andazi.

Wanaouza seva pacha wana hesabu yao, na haina kosa. Seva moja ikipatikana kwa asilimia 99 ya muda, kwa mwaka itakuwa chini siku 3 na saa 15. Weka ya pili, na uwezekano wa zote kuanguka kwa pamoja ni asilimia moja ya asilimia moja, yaani dakika 53 hivi kwa mwaka mzima. Nani asiyependa dakika 53? Hesabu inasimama, lakini kwa sharti kwamba mapacha hawachangii kitu. Nao huchangia mengi: folda moja ya mipangilio, hifadhi moja ya picha mama, cheti kimoja cha usalama kinachoisha tarehe ileile, na mlipaji mmoja wa ankara. Februari 28, 2017 fundi wa Amazon alikosea kuandika amri, akaondoa kazini seva nyingi kuliko alivyokusudia, na hifadhi ya S3 ya kanda ya Virginia ikalala kwa saa nne hivi. Hata ukurasa wa kampuni wa kutangaza hali ya huduma ulishindwa kubadilisha taa zake, kwa kuwa nao uliegemea S3. Daktari amelazwa wodi moja na wagonjwa wake.

Huyo mlipaji wa ankara ananitia wasiwasi kuliko fundi. Ramani nyingi za umma huzaliwa na mradi wa mfadhili, na mradi una tarehe ya mwisho. Siku fedha inapokwisha, seva zote mbili huzimwa kwa dakika moja, hata kama moja iko upande huu wa bara na nyingine upande wa pili. Tena mawinguni desturi ni kwamba kuingiza data ni bure, kuitoa hulipiwa kwa gigabaiti. Maana yake kadiri wananchi wanavyoitumia picha yao, ndivyo ankara inavyonenepa. Mradi uliofanikiwa hulipa zaidi kuliko mradi usiofunguliwa na mtu.

Wapo watakaosema basi turudi nyumbani, picha ya nchi ikae nchini. Naielewa hoja, na nusu yake naiunga mkono. Lakini Machi 10, 2021 jengo la SBG2 la kampuni ya OVHcloud lililoko Strasbourg liliteketea kwa moto, na baadhi ya wateja waliokuwa wameweka nakala zao za akiba eneo lilelile walipoteza vyote. Ufaransa hiyo. Jengo moja ni jengo moja, liwe Strasbourg au Kijitonyama, Dar es Salaam.

Wingu la karibu la kampuni kubwa liko Afrika Kusini. Microsoft ilifungua vituo vyake huko mwaka 2019. Amazon ilifuata Cape Town mwaka 2020, vituo vikiwa vimegawanywa makundi matatu yasiyotegemeana. Tandaza seva zako kwenye makundi hayo na kwenye karatasi umetimiza kila sharti la zabuni. Lakini Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kukatika kwa mkongo hakuzimi seva. Mashine iliyoko Cape Town siku kama ile inawaka kama kawaida, na ripoti yake ya mwezi itaandika asilimia mia. Afisa wa ardhi wa Wete, Pemba, naye anatazama kiduara kinachozunguka.

Mnyororo hauongezi, unapunguza. Tuseme seva inapatikana kwa asilimia 99.99 na intaneti ya ofisi ya wilaya kwa asilimia 98. Anachopata afisa ni chini kidogo ya 98, yaani wiki nzima kwa mwaka bila ramani. Nunua tisa nyingine ya kuongeza kwenye ile 99.99 ya seva, yeye hatajua kama umenunua.

Ningetumia fedha ile kwa namna nyingine. Vigae viwekwe kwenye hifadhi ya kawaida ya wingu, ambayo ni nafuu kuliko kulisha mashine mbili zinazosubiri kuanguka. Nakala ya pili ikae kwenye kituo cha data cha hapa nchini. Ya tatu iende kwenye wilaya zote 11 za Zanzibar, kila moja ipewe kompyuta ndogo yenye diski, inayogawa vigae kwa simu na kompyuta za ofisi kupitia mtandao wa ndani, bila kugusa bahari. Picha mama zihifadhiwe katika muundo wa wazi kama GeoTIFF, ili siku ya kumuacha muuzaji mmoja tusilazimike kumpigia magoti atufungulie.

Kasoro ya mpango huu naijua. Diski za wilayani huchakaa, huibiwa, na mbaya kuliko yote, hupitwa na wakati: picha ya 2016 ikatumika kuamua mgogoro wa mpaka miaka kumi baadaye, na mwenye haki akakosa. Hilo halitibiwi na mashine. Tarehe ya kupigwa picha iandikwe juu ya kila kipande kinachofunguliwa, na awepo mtu mwenye jina na mshahara wa kuzunguka na nakala mpya. Mtu huyo ni rahisi kuliko seva, lakini nasikitika kusema kwamba ni vigumu zaidi kumpitisha kwenye bajeti.

Na kabla mzabuni hajalipwa, afanyiwe jaribio moja. Kamati iende Wete siku ya kazi, saa nne asubuhi, ichomoe waya wa intaneti wa ofisi, kisha imuombe afisa aifungue shehia yake na aikuze mpaka ionekane miti.