Hashitegi Haikeshi na Mgonjwa

Wasee wangu, leo sina vichekesho. Mmekuwa mkiniuliza kwa komenti mbona niliacha chuo mwaka wa pili, na mimi huwajibu "karo iliisha." Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ingine ni baipola.

Nilikaa siku nne bila kulala na sikuhisi uchovu. Nikachukua mikopo mitatu ya simu, nikanunua kamera ambayo sikuihitaji, nikaambia hosteli nzima nitakuwa bilionea kabla ya Desemba. Buda akasema ni bangi. Matha akataka pasta aitwe. Ni anti yangu aliyesema, "Huyu mtoto ni mgonjwa, apelekwe hospitali."

Kule wodini, sista wa mchana aliniangalia akacheka: "Haya, bilionea amefika." Wodi ikaangua kicheko. Manze, nilipiga kelele hadi jioni na dawa nikakataa.

Usiku akaingia sista mwingine. Akazima redio. Aliona siwezi kuketi chini nikale, so akanikunjia chapati nikawa nakula nikitembea, na kila baada ya muda analeta kikombe cha maji. Aliongea kwa sentensi fupi. "Simu usiku huu hapana. Kesho asubuhi kabla sijatoka zamu, utaongea na mama dakika tano." Asubuhi akanipea dakika tano, si nne. Ile dawa ya mchana, kwake nilimeza.

Wakati huo nilidhani ni roho safi tu. Baadaye nikajua ile ni kazi yenye ujuzi. Mtu mwenye mania anaweza kuishiwa maji na nguvu bila yeye kujua. Kelele humwasha zaidi. Na mipaka lazima iwekwe bila matusi, halafu iheshimiwe na yule aliyeiweka.

Wiki kadhaa baadaye nikaanguka upande wa pili. Sikuoga, sikutaka mtu. Yule sista alikuja akaketi kando ya kitanda, kimya, akaenda. Kesho yake tena. Siku ya tatu akaniuliza wazi: "Unafikiria kujiua?" Nililia kama mtoto. Hakuna mtu alikuwa amethubutu kuuliza. Watu huogopa kwamba ukiuliza unampandia mtu wazo. Humpandii. Unampea mahali pa kutua mzigo.

Pia ndiye alimfunza matha vitu ambavyo hakuna aliyekuwa ametuambia. Kwamba dawa za depresheni huchukua wiki kadhaa, na nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla mawazo mabaya hayajaisha, kwa hivyo ile wiki majirani wanasema "ameshapona" ndiyo wiki ya kukaa karibu. Kwamba lithiamu inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, na maji ya kutosha. Mikono ikianza kutetemeka sana, nitapike, nihare, nitembee kama mlevi, turudi hospitali mara moja. Buda alikuwa anataka niache chumvi kabisa "kwa afya." Sista akamwambia pole pole, "Mzee, usibadilishe ghafla, inaweza kupandisha dawa kwa damu."

Sasa maoni yangu. Sisi vijana tunajua kupost "afya ya akili ni muhimu," picha ya machweo, hashitegi, tumemaliza. Tunaongea kuhusu madaktari na matherapisti, lakini saa nane usiku kwa wodi hakuna daktari wala therapisti kando yako. Kuna muuguzi. Mara nyingi mmoja, na vitanda ni vingi kuliko macho yake.

Ndiyo maana hata yule wa mchana sitaki kumchoma hapa. Alinikosea, na nasema alinikosea. Lakini mtu aliyechoka, asiyefunzwa mambo ya akili, aliyeachiwa wodi peke yake, ataishia kucheka ama kufoka. Ukitaka asicheke, mfunze na umwongezee wenzake.

Kuna hatua tumepiga. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022 na kaunti zikapewa majukumu. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Poa sana. Lakini hukumu haiwezi kukukunjia chapati. Gavana wako akija kuomba kura, usimuulize tu kuhusu barabara. Muulize hospitali ya kaunti ina wauguzi wangapi wa afya ya akili, na usiku wanabaki wangapi.

Na wewe? Si lazima uwe na sare. Rafiki yako akiwa juu sana, usimrekodi. Punguza kelele, mpe maji, ita mtu mzima mnayemwamini, mpelekeni hospitali. Akiwa chini, keti naye hata bila maneno, na umuulize lile swali. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Laini ya Msalaba Mwekundu, 1199, ni ya bure.

Mimi bado nameza vidonge na mikopo bado nalipa. Kama kwenu kuna muuguzi, leo mwache alale. Ametoka zamu.