WATOTO WAFUNDISHWE HESABU YA MOTO

Ndugu wananchi wa Kibaha na Kisarawe, kila siku magunia ya mkaa yapita katika barabara zetu kwenda Dar es Salaam, juu ya baiskeli, pikipiki na malori. Watoto wetu huyaona waendapo shuleni. Wakifika darasani huambiwa waandike ya kwamba nishati ni za namna mbili: jadidifu, ndiyo jua, upepo, maji na kuni, na isiyo jadidifu, ndiyo mafuta, gesi na makaa ya mawe. Huandika, hukariri, hufaulu mtihani. Lakini ni wangapi waliopata kuulizwa magunia yale yametoka wapi, na yatatoka mpaka lini? Sisi twasema mafundisho ya namna hii hayatoshi.

Na tuanze na kuni. Kitabu chasema mti ni nishati jadidifu kwa kuwa hukatwa ukaota tena. Hayo ni kweli kwa sharti moja tu, kwamba tusikate upesi kuliko miti inavyoota. Tanuri la udongo la kienyeji hula kuni kilo sita, hata kumi, ili litoe mkaa kilo moja. Mti wa mwituni huchukua miaka mingi kukua, na shoka huumaliza kwa muda mfupi. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ulio hapa Kisarawe, ni msitu wa kale wenye mimea na viumbe visivyopatikana penginepo duniani. Umewekewa hifadhi tangu zamani, na hata hivyo umemegwa kwa mkaa, mbao na mashamba. Msitu wa Ruvu Kusini nao umepatwa na hayo hayo. Mali inayotumiwa hivi, hata kitabu kikiiita jadidifu, kwetu sisi inakwisha kama mafuta ya taa katika kibatari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi misitu yetu hatuna daftari lake.

Pili, gesi. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo huja Dar es Salaam kwa bomba kuendesha mitambo ya umeme, na mwaka 2015 likakamilika bomba la kutoka Mtwara. Gesi ya mitungi tunayohimizwa kupikia ni nyingine: hiyo huletwa kwa meli kutoka nchi za nje. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikakusudia asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Jambo hili twaliunga mkono kwa moyo wote, maana moshi umewaharibia mama zetu macho na vifua kwa miaka mingi mno. Lakini mwalimu asimwache mtoto adhani kuwa kila kilicho safi hakiishi. Gesi ni safi kuliko mkaa, nayo hata hivyo itakwisha. Mtoto akijua yote mawili, atakapokuwa mkubwa hatadanganyika na mtu mwenye bidhaa ya kuuza.

Tatu, maji. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mashine tisa zenye uwezo wa megawati 2,115. Mashine ya kwanza ilianza kutoa umeme mwaka 2024, na mwaka 2025 zote zilikuwa zimekamilika. Mwaka huo huo wa 2024 treni ya umeme ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro, nayo ina vituo Pugu, Soga na Ruvu. Basi mwalimu wa Soga ana somo mlangoni pake. Awaulize watoto: treni hii yala nini? Wakijibu umeme, awaulize umeme watoka wapi. Wakijibu maji, awaulize maji yatoka wapi. Hapo watafika milimani na kwenye mvua, na watakumbushwa ya kwamba mwaka 2022 mvua ilipokosekana, mto Ruvu ulipungua hata Dar es Salaam ikapata mgao wa maji, na umeme nao ukawa kwa mgao. Msitu ukifyekwa kwenye chemchemi, bwawa nalo huona njaa.

Wapo watakaotulaumu kwamba twawafundisha watoto kuwalaani baba zao wachoma mkaa. Sivyo hata kidogo. Mchoma mkaa afanya kazi ngumu ya jua na moshi, na faida kubwa humpita ikaenda kwa wenye malori na wenye maduka mjini. Anakata kwa sababu jiko la mjini lanunua, na kwa sababu ada, dawa na sare havingoji mavuno. Mtoto afundishwe na hilo pia, ili asimdharau mzazi wake. Lakini kumheshimu baba si kumficha mtoto hesabu. Wazee wa Kizaramo walikuwa na vichaka vya matambiko visivyotiwa shoka. Kujizuia si jambo geni kwetu.

Kibaha yetu ina historia katika mambo ya elimu. Mwaka 1963 nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha hapa kituo cha kupigana na ujinga, umaskini na maradhi, penye shule, zahanati na mafunzo ya wakulima mahali pamoja. Mwaka 1970 kikawa mikononi mwetu wenyewe. Na mwaka 1967 tuliambiwa katika Elimu ya Kujitegemea ya kwamba shule isitengane na maisha ya wananchi. Tusingoje, basi, wageni waje kutufundisha kuhesabu kuni zetu.

Twaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila mwanafunzi wa madarasa ya juu aandike kwa mwezi mmoja kuni, mkaa au gesi itumikayo nyumbani kwao, kisha darasa lijumlishe hesabu ya kijiji kizima. Pili, kila shule iwe na kitalu cha miti, na watoto wahesabu si miche iliyopandwa siku ya sherehe, bali iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Tatu, mwalimu aweke sufuria mbili za maji, moja juani na moja kivulini, watoto waguse wenyewe waone nguvu ya jua tunayoiacha ipotee bure kila mchana.

Wanachama mlio katika kamati za shule, jambo hili lileteni katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Ulizeni kama daftari limeanzwa, na ni nani anayelitunza. Likiwa halijaanzwa, msitoke mkutanoni mpaka limepata mwalimu wake.