Vua Viatu, Tuangalie Nyayo

Hapa Mugunga, Goma, tunakanyaga mawe ya volkano kila siku, na mawe hayo yanakata. Ndiyo maana doa jeusi kwenye unyayo halimshtui mtu. Mama atasema alijikwaa akienda kuchota maji, atalipaka mafuta na kuendelea na kazi zake. Miezi inapita, doa linapanuka.

Melanoma, saratani kali ya ngozi, kwa sisi weusi hujificha zaidi hapo hapo: chini ya mguu, kiganjani, chini ya ukucha. Bob Marley aliambiwa anayo mwaka 1977, kwenye kidole cha mguu. Alifariki 1981, ana miaka 36.

Kipo chombo cha kuisaka, dermoskopu: lenzi yenye taa, inaingia mfukoni, inakuza ngozi kama mara 10. Muuguzi anadondosha mafuta kidogo juu ya doa, anabandika lenzi, anachungulia. Ndugu zetu waliokimbia mashamba yao Masisi wataelewa upesi anachokiona, maana ngozi ya unyayo ina matuta na mifereji kama shamba. Weusi wa doa ukilala mferejini, mara nyingi ni alama ya kawaida. Ukikaa juu ya matuta, ni hatari. Madaktari wa Japani walichapisha hesabu yake mwaka 2004: dalili ya matuta ilionekana katika melanoma 86 kati ya kila 100 za nyayo na viganja, na katika madoa yasiyo na madhara ilionekana kwa 1 tu kati ya 100.

Basi lenzi ikisema hatari, iaminiwe. Ikisema salama, tukumbuke zile melanoma 14 kati ya 100 ambazo haikuziona.

Uchambuzi wa tafiti wa shirika la Cochrane wa 2018 uliweka kiwango kimoja cha kuwatia hofu bure wasio na melanoma, kisha ukalinganisha njia za kuisaka. Jicho tupu liligundua wagonjwa 76 kati ya 100; lenzi ikiwa juu ya ngozi yenyewe, 92; daktari akitazama picha ya lenzi tu, 81. Wengi wa waliopimwa ni weupe. Hata hivyo, pengo kati ya 92 na 81 linatuonya: picha ya simu iliyotumwa kwa daktari wa mbali isihesabiwe kuwa jibu.

Tunachotaka si kikubwa. Kila kituo cha afya Mugunga kipate lenzi moja na muuguzi aliyefundishwa kuisoma, kwa sababu mikononi mwa asiyejua ni kioo tu. Mgonjwa akija kwa homa au kwa mtoto, avue ndala, nyayo zitazamwe. Doa linalokua, au lililopita milimita 7 bila sura ya wazi ya mifereji, likatwe kipande kipelekwe maabara. Lisikwanguliwe kwa wembe nyumbani. Na malipo ya maabara yasimwangukie mgonjwa. Ofisi ya afya ya mkoa iyatengee fungu.